Somo: Kompyuta mpakato yenye tundu moja, na namna ya kuishi na habu

Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya inchi 12 iliyokuwa na tundu moja tu la USB-C, ukiacha lile la hedifoni, na tangu hapo watengenezaji wengi wamepunguza matundu ya kompyuta zao nyembamba hadi kubaki moja au mawili. Anayenunua mashine ya namna hiyo hulazimika kununua pia kidude cha pembeni, yaani habu au adapta ya kumrudishia HDMI, USB ya kawaida, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na waya wa intaneti. Malalamiko huanza siku hiyo hiyo: chaja haijazi betri, kishale kinakokota miguu kwenye skrini, diski inajichomoa yenyewe, Wi-Fi inazubaa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishughulika na vidude hivi, vyangu na vya watu wanaoniletea, na mara nyingi kinachoitwa habu mbovu huwa ni habu nzima inayodaiwa zaidi ya kile ambacho tundu linaweza kutoa. Habu hugawa tu kile ilichopewa. Umeme uliomo na njia za data zilizomo kwenye tundu lile moja ndizo zitakazogombaniwa na kila unachokichomeka, kwa hiyo hatua zifuatazo zinafuata mgawo huo, kuanzia kwenye tundu lenyewe.

Hatua ya kwanza: tambua tundu lako linatoa nini

USB-C ni jina la umbo la tundu, lenye pini 24, na umbo hilo halikuambii chochote kuhusu kazi linazoweza kufanya. Kuna kompyuta ambayo tundu lake huchaji, hupitisha data na hutoa picha, na kuna nyingine yenye tundu la umbo lilelile ambalo hupitisha data peke yake. Angalia alama zilizochorwa kando ya tundu: alama ya radi huonyesha Thunderbolt, yaani tundu la umbo hilohilo lenye kasi kubwa zaidi, na herufi D na P zilizounganishwa, za DisplayPort, yaani utaratibu wa kupitisha picha, huonyesha kwamba picha inaweza kutoka. Pasipo na alama yoyote, soma karatasi ya sifa za modeli hiyo hasa unayoimiliki, kwa kuwa kompyuta mbili za familia moja zinaweza kutofautiana. Ikiwa tundu halitoi picha, hakuna adapta ya kawaida ya HDMI itakayolilazimisha, na hapo ndipo fedha za watu wengi hupotea.

Hatua ya pili: pima bila habu

Chomeka kila kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, kimoja kimoja, kwa kebo utakayoitumia. Kikikataa hapo, habu haina kosa.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya umeme

Habu yenye nafasi ya kuchomeka chaja hupokea umeme, hujikatia fungu lake, kisha hupeleka unaobaki kwenye kompyuta. Fungu hilo kwa kawaida huwa kati ya wati 5 na 15. Mwenye chaja ya wati 65 na habu inayojiwekea wati 15 atakuwa anaipa kompyuta wati 50, na mashine inayohitaji zaidi itatoa onyo la chaja dhaifu, au betri itaendelea kushuka polepole huku alama ya kuchaji ikiwaka. Ndiyo maana maneno «wati 100» yaliyoandikwa kwenye boksi la habu yanahitaji kusomwa kwa makini, kwani mara nyingi yanataja kiasi ambacho habu inaweza kupokea, ilhali kinachofika kwenye kompyuta ni pungufu yake.

Kebo nayo ina kikomo chake. Kebo ya USB-C isiyo na chipu ya utambulisho ndani yake huruhusiwa ampea 3 tu, ambazo kwa volti 20 ni wati 60, hata ukiiunganisha na chaja kubwa kiasi gani. Kwa wati 100 unahitaji kebo ya ampea 5. Kiwango kilichotolewa mwaka 2021 kimepandisha ukomo hadi wati 240, lakini hiyo ni pale tu chaja, kebo na kompyuta vyote vinapokikubali, na habu nyingi bado ziko kwenye 100.

Hatua ya nne: amua skrini itapewa nini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye manung'uniko mengi kuliko pengine pote.

Ndani ya tundu la USB-C kuna njia nne za kasi. Habu ya kawaida huzigawa nusu kwa nusu, mbili za picha na mbili za data. Kwa kompyuta zinazotumia DisplayPort toleo la 1.2, njia mbili hupitisha takriban gigabiti 8.6 za picha kwa sekunde, wakati skrini ya 4K inayoonyesha picha mara 60 kwa sekunde huhitaji karibu gigabiti 12. Picha haitoshei, na kompyuta huishusha kimyakimya hadi mara 30. Utakachokiona ni hiki: ukisogeza kipanya upesi, kishale huruka hatua kwa hatua badala ya kuteleza, na unapovuta dirisha la programu, ukingo wake hubaki nyuma ya mkono wako. Herufi zinasomeka vizuri kabisa, na ndiyo sababu watu hudhani kipanya ndicho kibovu. Aliwahi kuniletea mtu kipanya chake cha tatu.

Ziko njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kutumia kompyuta na habu ambazo zote zina DisplayPort 1.4, kwa kuwa njia mbili za toleo hilo hupitisha karibu gigabiti 13 na hivyo 4K ya mara 60 huenea. Ya pili ni habu inayotoa njia zote nne kwa picha, ambapo skrini itakuwa laini lakini matundu ya data yatarudi kwenye kasi ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. Kwa anayetumia kibodi na kipanya pekee, huo ni mpango mzuri sana. Ya tatu ni kushusha ukubwa wa picha. Skrini ya Full HD kwa mara 60 huhitaji karibu gigabiti 3 tu, nayo hupita popote.

Kagua pia HDMI ya habu yenyewe, kwa kuwa toleo la 1.4 huishia mara 30 kwa 4K na la 2.0 hufika 60. Wauzaji huandika «4K» kwa herufi kubwa na hiyo 30 kwa herufi ndogo chini ya boksi. Ukishaunganisha, thibitisha kwa namba: katika Windows fungua mipangilio ya skrini, sehemu ya Advanced display, na katika Mac fungua mipangilio ya skrini. Ikiwa imeandikwa 30 Hz, umeshapata jibu.

Hatua ya tano: pima kasi ya data

Matundu yote ya data ya habu hushirikiana njia moja ya kwenda kwenye kompyuta. Njia ya gigabiti 5 ikibeba diski ya SSD, intaneti ya waya na kamera kwa pamoja, kila kimoja kitapata sehemu yake. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni habu iliyoshuka hadi kasi ya USB 2.0 bila mwenyewe kujua. Nakili faili la gigabaiti 5 kutoka SSD ya nje: kwenye njia ya gigabiti 5 kazi huisha kwa sekunde kumi na kitu, na kwenye USB 2.0 huzidi dakika mbili. Wanaotumia Linux waandike amri ya lsusb -t, wasome mwisho wa mstari wa kifaa chao: 5000M ni salama, 480M ni dalili ya tatizo.

Ukikuta 480M mahali pasipostahili, chomoa plagi ya USB-C ya habu, igeuze juu chini, kisha ichomeke tena. Plagi hii huingia pande zote mbili, lakini habu ya kawaida ikiingia upande mmoja data zake za kasi hutumia pini tofauti na zile za upande wa pili. Kasi ikirudi baada ya kugeuza, kuna pini iliyochafuka au kulika, ama kwenye plagi ama kwenye tundu.

Hatua ya sita: isogeze habu mbali na vifaa visivyotumia waya

Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yaliyoonyesha kwamba USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya vipanya vingi visivyo na waya, ya Bluetooth na ya sehemu ya Wi-Fi. Basi ukiona Wi-Fi inakatika kila unapochomeka diski, usimlaumu mtoa huduma. Hamia Wi-Fi ya gigahezi 5, na kipokezi cha kipanya kitolewe kando kwa waya mfupi wa kurefushia.

Hatua ya saba: fuata utaratibu wa kuchomoa

Chaja ikichomekwa au kuchomolewa kwenye habu, habu na kompyuta hujadiliana upya nani anampa nani umeme, na katika habu nyingi majadiliano hayo hukata vifaa vyote kwa nukta chache. Hili nililijifunza vibaya. Nilikuwa nahamisha picha kwenye diski ya nje, nikataka kumpisha mwenzangu soketi, nikachomoa chaja nikijua kwamba betri imejaa. Skrini ya nje ikazima na kuwaka, kikatokea kidirisha cha kunionya kwamba diski imeondolewa bila utaratibu, na folda niliyokuwa naiandika ikawa haifunguki tena. Betri ilikuwa asilimia 97. Tangu siku ile nasimamisha diski kwa amri ya kuiondoa salama, ndipo mkono uende kwenye chaja.

Maswali ya wanachama

Swali: Habari mwalimu. Diski yangu ya nje ya kuzunguka inalia «tik, tik» ikiwa kwenye habu, lakini ikichomekwa moja kwa moja kwa adapta ndogo inafanya kazi. Je, inakufa?

Jibu: Nzuri, ndugu. Huenda diski ni nzima na ina njaa ya umeme tu. Tundu la kawaida la USB 3.0 linatakiwa kutoa miliampea 900, na diski ya kuzunguka huhitaji umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshatulia. Chomeka chaja kwenye habu kwanza, kisha diski, uone kama mlio utakoma. Hata hivyo usiendelee kuijaribu mara kwa mara ikilia hivyo. Hamisha kwanza data zako kwa ile adapta ndogo.

Swali: Nimenunua habu yenye HDMI mbili. Kwenye Mac yangu skrini zote mbili zinaonyesha picha ileile, lakini kwenye kompyuta ya Windows ya dada yangu kila moja ina picha yake. Nimeuziwa feki?

Jibu: Hapana. Habu za aina hiyo hutumia mbinu iitwayo MST ya kupitisha picha mbili katika njia moja, nayo macOS haiikubali kwa kutanua skrini, ndiyo maana inazirudufu. Isitoshe, MacBook Air za chipu za M1 na M2 zimewekewa kikomo cha skrini moja ya nje. Lipo suluhisho la DisplayLink, ambalo hubana picha kwa programu na kuipitisha kama data ya USB, lakini habu yake ni ya aina nyingine, inataka programu iwekwe kwenye kompyuta, na mara nyingi baadhi ya filamu zenye ulinzi wa haki hazitaonekana.

Swali: Naweza kuchomeka habu juu ya habu?

Jibu: Kwa kibodi, kipanya na flashi, ndiyo, kanuni za USB huruhusu hadi habu tano zilizofuatana. Habu ya pili hugawana kilichokwisha kugawanywa, kwa hiyo diski na kamera ziache kwenye ile ya kwanza. Chaja iingie kwenye habu iliyo karibu na kompyuta.

Swali: Nimeshauriwa nitafute stesheni ya Thunderbolt, yaani ile habu kubwa ya kukaa mezani, ili nimalize matatizo yote haya.

Jibu: Thunderbolt 3 na 4 hupitisha gigabiti 40 kwa sekunde, na kweli hapo mvutano wa picha na data hupungua sana. Kabla ya kununua, rudi hatua ya kwanza. Kama tundu lako ni la USB-C tu, baadhi ya stesheni za Thunderbolt hazitawaka kabisa na nyingine zitafanya kazi kwa kiwango cha habu ya kawaida, na utakuwa umelipia kasi usiyoweza kuitumia.

Swali: Habu yangu inapata joto. Tena plagi yake inachezacheza kwenye tundu, nikiigusa tu kila kitu kinakatika.

Jibu: Joto la kawaida si kosa, hasa chaja na skrini vikiwa vimeunganishwa, na kasha la alumini linakusudiwa kulitoa nje. Ukishindwa kuweka kidole juu yake kwa sekunde kadhaa, au ukisikia harufu, ichomoe mara moja. Kuhusu kuchezacheza, zima kompyuta, mulika ndani ya tundu kwa tochi, kisha toa vumbi lililoshindiliwa kwa kijiti chembamba cha mbao, usitumie chuma. Baada ya hapo jaribu plagi ya chaja yako. Hiyo ikishika imara, kilicholika ni plagi ya habu. Nayo ikicheza, tundu ndilo lililolegea, na litalegea zaidi ikiwa habu inaning'inia hewani kwa uzito wake. Ilaze mezani na uache waya wake ukiwa na ulegevu kidogo mpaka utakapompata fundi wa kulibadilisha.