Picha ya mafuriko imeingia WhatsApp: ihakiki kabla hujaisoma redioni

Mvua ikishika Dar es Salaam, simu ya chumba chetu cha habari hujaa picha za "Jangwani leo", lile bonde la jijini linalojaa maji. Zamani mpiga picha alirudi na filamu yake, tukamuuliza alisimama wapi. Siku hizi picha inamtangulia mwandishi, na haina mwenyewe. Wewe unayeanza zamu, fanya hivi.

Tazama kama ina alama ya mishale miwili. Maana yake imetumwa tena na tena, mara tano au zaidi, kwa hiyo aliyekutumia siye aliyeipiga. Ukimpata mpigaji, mwombe aitume kama dokyumenti. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp hufuta taarifa za saa na mahali ilipopigwa.

Ipitishe kwenye Google Lens, chombo kinachotafuta mtandaoni picha inayofanana nayo. Ikitokea kwenye habari ya mwaka 2018, achana nayo.

Isipotokea, usifurahi bado. Ikuze, kaa nayo. Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii: namba za magari zinaanza na T? Usukani uko kulia? Daladala imeandikwa inatoka wapi kwenda wapi? Vibao vya maduka ni vya lugha gani? Nimeshaletewa "Jangwani" yenye magari ya usukani wa kushoto!

Halafu mpigie mtu anayeishi palepale, umuulize maji yamefika wapi sasa hivi. Asipopokea, mtafute jirani yake. Redio nyingine ikitangulia, na itangulie.