Namna ya kusoma alama ya taifa, usiishie kwenye rangi za bendera

Watu wengi ukiwaambia waeleze alama ya nchi wanakutajia rangi tu, kijani misitu, nyekundu damu, wamemaliza. Ukitaka kuelewa kweli jinsi sanaa na hadithi za kale zinavyomfanya mtu aseme "sisi", chagua kitu kimoja, vazi au wimbo au ngano, kaa nacho, usijitwishe nchi nzima kwa mpigo.

Cha kwanza uliza kimeanza lini kuitwa cha taifa. Sio kimeanza lini kuwepo, hayo ni maswali mawili na yanachanganywa kila siku. Chukua kilti ya Uskoti, ile sketi ya mirabaraba. Lilikuwa vazi la watu wa milimani kaskazini, wenzao wa mabondeni wengi wakiwadharau, halafu baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza ikaja sheria ya 1746 kupiga marufuku mavazi hayo, na marufuku ikaondolewa 1782. Sasa angalia 1822, mfalme George IV anatembelea Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndiye anayepanga sherehe, na mfalme mwenyewe anatinga kilti! Miaka 76 tu, vazi lililokatazwa linaanza kuwa la Waskoti wote, hadi wale ambao babu zao hawakuwahi kulivaa.

Hapo swali la pili linakuja lenyewe, nani alikusanya na nani alipanga? Maana ngano hazijikusanyi. Ufini ilichukuliwa na Urusi kutoka Sweden mwaka 1809, wasomi wake wanaandika Kiswidi na Kifini kinaonekana lugha ya wakulima. Daktari mmoja, Elias Lönnrot, akawa anazunguka vijijini, hasa eneo la Karelia, anaandika nyimbo za kale kutoka midomoni mwa waimbaji, akaziunganisha zikawa kitabu kinachoitwa Kalevala, toleo la kwanza 1835, lile kubwa la 1849 lina mashairi 50. Baadae Akseli Gallen-Kallela akazichora, Jean Sibelius akazitungia muziki, kwa hiyo uhuru unafika 1917 Wafini wana mashujaa wao wanaowajua kwa majina na sura. Mpaka leo tarehe 28 Februari bendera zinapandishwa kwa ajili ya kitabu hicho.

Tafadhali usikimbilie kusema kumbe imepangwa na mtu basi ni uongo. Hapa ndipo wengi wanapotea. Sehemu kubwa ya mistari ile iliimbwa na wanavijiji wenyewe, mpangilio ndio wa Lönnrot, na kuna aliyoongeza, wewe kazi yako ni kutenganisha hivyo viwili.

Halafu tafuta mshono. Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Vaa hedifoni usikilize wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, ule wa 1997, ni nyimbo mbili zilizounganishwa, moja ya Enoch Sontonga ya 1897 iliyoimbwa miaka mingi na waliopinga ubaguzi, nyingine ilikuwa ya serikali ya ubaguzi yenyewe. Inaanza Kixhosa na Kizulu, inaingia Kisotho, kisha Kiafrikana, inamalizia Kiingereza. Kisotho kikiisha tega sikio vizuri, kii, yaani sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, inabadilika, wimbo unaishia kwenye kii tofauti na ulikoanzia. Hawakuuficha mshono, unausikia kabisa. Kisha tafuta rekodi ya uwanjani, usiangalie wachezaji, sikiliza jukwaa, sauti zinapanda wapi na zinapungua wapi, hapo utajifunza kuliko kusoma maelezo kurasa kumi.

Jiulize pia nani hayumo. Wimbo wa Australia ulikuwa unasema taifa ni changa na huru, wakati wenyeji asilia wameishi pale zaidi ya miaka 50,000. Kuanzia 1 Januari 2021 neno moja tu limebadilishwa, "changa" likawa "moja". Ukikuta badiliko dogo hivyo lifuatilie, nyuma yake kuna ubishi wa miaka.

Mwisho shika karatasi, omba watu watatu wa umri tofauti wachore alama uliyoichagua bila kuangalia popote, usiwasaidie hata kidogo. Ziweke pamoja. Kilichopo kwenye karatasi zote tatu anza nacho, kilichosahaulika na wote kiandike pembeni, kisha rudi uulize kiliwekwa na nani na kwa nini.