Kuandaa seva ya nakala rudufu za data za kampuni kwa Proxmox Backup Server

Kampuni nyingi hununua seva ya nakala rudufu kwa kuuliza swali moja tu, yaani ina terabaiti ngapi. Swali linalostahili kutangulia ni hili: siku seva zote za kazi zitakapokuwa zimefutwa, na aliyezifuta akiwa bado ana nenosiri la msimamizi mkuu, ni kitu gani kitamzuia asiifute na seva ya nakala? Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa seva yenye jibu la swali hilo kwa kutumia Proxmox Backup Server, programu huria iliyojengwa juu ya Debian, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2020. Mfano tutakaoufuata ni wa kampuni ya kubuni yenye mashine pepe 20 zinazoendeshwa na Proxmox VE (programu ya kuendeshea mashine pepe kwenye seva), zikiwa na jumla ya terabaiti 6 za data ambazo hubadilika kwa takriban gigabaiti 150 kila siku.

Vifaa

Programu hii huikata diski ya kila mashine pepe katika vipande vya mebibaiti 4, hukikokotolea kila kipande alama yake ya SHA-256, na kipande ambacho kimeshahifadhiwa hakiandikwi mara ya pili hata kikitoka katika mashine nyingine. Ndiyo maana nakala 30 za mashine moja hazichukui nafasi mara 30. Faida hiyo, hata hivyo, ina gharama yake, kwa kuwa baada ya miezi michache ghala hujaa mamilioni ya mafaili yaliyotawanyika, na kuyasoma hayo yote siku ya kurejesha data ni mzigo mzito kwa diski za kuzunguka. Kama bajeti inaruhusu diski zote ziwe SSD, yaani zisizozunguka, nunua SSD. Kama hairuhusu, tumia diski za kuzunguka zilizopangwa kwa jozi, kila moja ikiwa kioo cha mwenzake, na uongeze SSD mbili ndogo za kubeba taarifa za mafaili. Mpangilio wa RAIDZ2 wa mfumo wa mafaili wa ZFS, ambao huvumilia diski mbili kufa, unavutia kwa sababu hupoteza nafasi ndogo zaidi pale diski zinapokuwa nyingi, lakini kwa usomaji wa kurukaruka kundi zima la RAIDZ huwa na kasi inayokaribia ya diski moja, jambo ambalo watu hulitambua wakiwa wamechelewa. Epuka pia diski zinazotumia teknolojia ya SMR, ambapo mistari ya data hupandana, maana hulegea vibaya zinapoandikwa kwa muda mrefu.

Kwa mfano wetu, kadiria nafasi mara tatu ya data iliyopo, yaani terabaiti 18. Diski nne za terabaiti 12 katika jozi mbili hutoa terabaiti 24, na kwa kuwa ghala la ZFS halifai kujazwa zaidi ya asilimia 80, zinazobaki ni 19 na ushei. Nyaraka za programu hupendekeza angalau gibibaiti 4 za kumbukumbu ya RAM kwa mfumo wenyewe na gibibaiti 1 kwa kila tebibaiti ya hifadhi, hivyo gibibaiti 32 zinatosha, na kichakataji kiwe na kori zisizopungua 4.

Kadi ya mtandao ndiyo hubaniwa mno. Kwa gigabiti 1 kwa sekunde, ambayo kwa kweli hupitisha megabaiti 110 hivi, kurejesha terabaiti 6 huchukua takriban saa 15 hata kama diski hazina tatizo lolote. Weka kadi ya gigabiti 10.

Kuitenga seva

Juni 2017, virusi vya NotPetya vilipoingia katika mtandao wa kampuni ya meli ya Maersk, seva zilizotunza utambulisho wa watumiaji wote zilifutika karibu kwa pamoja, kwa kuwa kila moja ilikuwa nakala ya nyenzake. Iliyosalia ilikuwa moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva hiyo haikuwa mtandaoni. (Ni nadra sana mkatiko wa umeme kusifiwa na mafundi.) Funzo la kiufundi ni kwamba nakala inayotegemea mfumo uleule inaoulinda hufa nao.

Kwa hiyo seva hii isiunganishwe na Active Directory ya kampuni, yaani mfumo wa pamoja unaotunza watumiaji na manenosiri yao. Iwe na watumiaji wake yenyewe, wenye manenosiri yasiyotumika kwingine kokote, na uthibitisho wa hatua mbili kwa kila anayeingia kama msimamizi. Iweke katika VLAN yake, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa, na kwenye ngome ya mtandao uruhusu mlango 8007, ambao ndio wa programu hii, kutoka kwa seva za Proxmox VE, kompyuta ya msimamizi na seva ya pili ya nje ya jengo pekee, na mlango 22, wa kuingia kwa amri kupitia SSH, kutoka kwenye kompyuta ya msimamizi pekee. Usisahau mlango wa usimamizi wa mbali ulio nyuma ya seva, ule unaoitwa iDRAC au iLO kutegemea mtengenezaji. Nimewahi kukuta seva iliyofungwa kila upande huku mlango huo ukiwa kwenye mtandao wa kawaida wa ofisi na nenosiri la kiwandani likiwa halijabadilishwa, ilhali anayeufikia mlango huo anaweza kuizima mashine na kuiwasha kwa mfumo wake mwenyewe, kisha akafuta diski zote.

Seva ya nakala rudufu isiendeshwe pia kama mashine pepe ndani ya zile seva inazozilinda. Sababu ni ileile.

Kusakinisha na kufungua ghala

Pakua faili la ISO, liandike kwenye flashi, na wakati wa kusakinisha chagua SSD mbili za mfumo (tofauti na zile za taarifa za mafaili) katika ZFS ya kioo. Hatua zenyewe hazina utata. Ukimaliza, ingia kwa kivinjari kupitia anwani ya seva na mlango 8007, kisha ubadilishe hazina ya masasisho kuwa ile isiyohitaji usajili iwapo hukulipia huduma ya msaada, la sivyo masasisho ya usalama ya programu hayatakufikia. Sasa unda hifadhi ya diski:

zpool create -o ashift=12 nakala mirror DISKI1 DISKI2 mirror DISKI3 DISKI4 special mirror SSD1 SSD2

Mahali pa DISKI na SSD andika njia kamili zilizomo katika /dev/disk/by-id, wala si majina kama /dev/sda, ambayo huweza kubadilika seva inapowashwa upya. Zile SSD zilizofuata neno special ni lazima ziwe jozi, kwa sababu sehemu hiyo ikipotea hifadhi nzima hupotea nayo. Kisha ufungue ghala:

proxmox-backup-manager datastore create ghala /nakala/ghala

Amri hii hutengeneza folda 65,536 za kupangia vipande, kwa hiyo isikushangaze ikikawia kidogo.

Haki za anayeandika

Hapa ndipo seva nyingi huharibiwa na haraka ya fundi. Njia nyepesi ni kuipa Proxmox VE nenosiri la root, yaani la msimamizi mkuu, la seva ya nakala, nayo itafanya kazi bila malalamiko mpaka siku mshambuliaji atakapolikuta nenosiri hilo. Badala yake, unda mtumiaji na tokeni yake (siri ambayo programu huitumia badala ya nenosiri), kisha uvipe vyote viwili haki ya DatastoreBackup, kwa sababu tokeni haiwezi kuwa na haki ambayo mtumiaji wake hana:

proxmox-backup-manager user create pve@pbs
proxmox-backup-manager user generate-token pve@pbs nodi
proxmox-backup-manager acl update /datastore/ghala DatastoreBackup --auth-id pve@pbs
proxmox-backup-manager acl update /datastore/ghala DatastoreBackup --auth-id 'pve@pbs!nodi'

Siri ya tokeni huonyeshwa mara moja tu, hivyo inakili papo hapo. Haki ya DatastoreBackup humruhusu mwenye tokeni kuandika nakala na kurejesha zilizo zake, lakini haimruhusu kuzifuta. Uamuzi wa kufuta hubaki kwenye seva ya nakala yenyewe. Upande wa Proxmox VE, unapoongeza hifadhi hii, jaza anwani, jina la ghala, tokeni na alama ya utambulisho wa cheti, na kwenye kazi ya kila usiku uache nakala zote zitunzwe, maana ukiiagiza ifute za zamani itashindwa kwa kukosa haki.

Washa usimbaji kwenye ukurasa huohuo. Data husimbwa kabla haijatoka kwenye seva ya kazi, kwa hiyo anayeiba diski za nakala hasomi chochote, na hilo lina uzito wa kisheria kwa kampuni inayotunza taarifa za wateja chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 au sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Ila ufunguo huhifadhiwa ndani ya Proxmox VE, yaani ndani ya kile kinachoweza kuungua. Uchapishe kwa amri ya proxmox-backup-client key paperkey, uweke karatasi moja ndani ya kasha la chuma la ofisi na nyingine nje ya jengo. Bila ufunguo huo nakala zako zote ni takataka, na hakuna wa kumpigia simu.

Kupogoa, kusafisha na kuhakiki

Kupogoa ni kuondoa nakala za zamani kwa kanuni. Anza na za siku 14, za wiki 8 na za miezi 12. Kupogoa peke yake hakuachii nafasi, kwa kuwa vipande huondolewa na usafishaji unaofuata, nao hauondoi kipande kilichotumika ndani ya saa 24 na dakika 5 zilizopita. Anayesubiri mpaka diski ijae ndipo apogoe hugundua kwamba hawezi kupata nafasi siku hiyohiyo. Panga usafishaji ufanyike kila siku mchana, na uhakiki wa vipande ufanyike upya kila baada ya siku 30.

Nakala ya nje ya jengo

Kanuni ya nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 nje ya jengo, ambayo ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, bado inafaa. Weka seva ya pili katika tawi jingine, nayo ndiyo ivute nakala kutoka kwa ya kwanza kwa mtumiaji mwenye haki ya DatastoreReader, ili seva ya kwanza isijue nenosiri lolote la ile ya pili. Usiwashe kipengele cha kuondoa nakala zilizotoweka kwenye chanzo. Kwa intaneti ya megabiti 50, gigabaiti 150 za kila siku husafiri kwa saa 6 na dakika 40, lakini terabaiti 6 za mwanzo zingehitaji siku 11. Kwa hiyo ijaze seva ya pili ikiwa bado ofisini, kisha uisafirishe kwa gari.

Taarifa na jaribio

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta kwa makosa saraka ya hifadhidata kuu. Nakala za kila siku hazikuwepo, kwa kuwa zana ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la PostgreSQL lisilolingana na la hifadhidata, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Waliokolewa na nakala ya papo (taswira ya diski jinsi ilivyokuwa wakati mmoja) iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya tukio. Kwa sababu hiyo agiza seva itume barua hata kazi inapofanikiwa, na mtu mmoja awe na wajibu wa kuuliza pale barua isipofika.

Kila baada ya miezi 3 rejesha mashine moja muhimu katika mtandao uliotengwa. Kazi hiyo aifanye mtu ambaye hakuijenga seva, akitumia ufunguo wa karatasi na maelekezo yaliyoandikwa tu, huku muda ukipimwa tangu anapoanza mpaka mtumiaji wa kweli anapoingia kwenye mfumo na kuona miamala ya jana. Andika muda huo, uupeleke kwa uongozi, na uwaulize kama biashara inaweza kusimama kwa muda wa namna hiyo. Wakisema haiwezi, rudi kwenye diski na kadi ya mtandao.