Shuto uchi kuanzia zero: gisi ya kupiga na ubavu wa mukono bila kujivunja

Bandugu, batoto benye banaingiaka dojo yetu ya karate (fasi ya mazoezi) huku Bukavu karibu bote banakuya na ulizo moja, lini tutaanza kuvunja matofali na mukono. Banaona mu telefone mutu anapasua tofali tano na ubavu wa kiganja, kiisha banaenda nyuma ya nyumba banajaribu, kesho yake mukono umevimba na kalamu haishikike. Sasa niseme mapema: nguvu ya shuto haitoke ku mukono. Inatoka ku muguu wa nyuma, inapita mu kiuno, inapanda ku bega, mukono wenyewe unafika wa mwisho kabisa. Ata ukikomaza mukono miaka kumi, kama kiuno kimelala unapiga kofi tu.

Natumia gisi ya Shotokan, aina moja ya karate, juu njo tunafundisha huku kwetu. Kama wewe uko wa Goju-ryu ao Wado-ryu ao Kyokushin utaona tofauti ndogo ndogo, zaidi ku fasi mukono unaanzia, apo fuata mwalimu wako, usibishane naye juu ya maandishi yangu.

Kitu kimoja mbele ya kuanza. Shuto ya kwanza mwanafunzi anakutana nayo ni ya kuzuia, shuto uke, zile ine za mwisho wa Heian Shodan (ni kata, mupango wa miendo wenye unafanya pekee yako), mu musimamo wa kokutsu dachi, uzito kama 70 ku mia uko ku muguu wa nyuma. Ya kupiga, shuto uchi, inakuya mu kata ingine, Heian Yondan, pale mukono moja unazuia juu ya paji na wa pili unapiga shingo saa ileile, halafu mae geri, teke ya mbele, inafuata. Batu banachanganya izi mbili, banapiga na mwendo wa kuzuia, kiwiko kimekunjwa karibu na mbavu, kiisha banashangaa juu nini pigo haifike mbali. Leo ni ya kupiga tu.

Hatua ya 1: tengeneza mukono

Fungua kiganja, vidole vine vishikane, mwanga usipite katikati. Usivinyooshe paka vinataka kurudi nyuma, vikunje kidogo sana ku viungo, kiganja kinakuwa na kashimo kadogo. Kidole gumba kikunje ukibane ku ubavu wa kiganja, chini ya kidole cha shahada. Apa usicheze, gumba yenye imebaki inje siku moja itagonga kiwiko cha mwenzako ao itanasa mu kimono yake na itateguka, na gumba yenye imeteguka inasumbua miezi, ata kufunga kifungo cha shati ni shida. Kifundo kibaki wima, mugongo wa kiganja na mukono mpaka kiwiko viwe mustari moja. Mwambie mwenzako ajaribu kuingiza kidole chake kati ya vidole vyako, kikiingia bila shida basi bado haujakaza.

Lakini kukaza vidole si kukaza bega. Jifunze kutenganisha ivi viwili tangu siku ya kwanza, juu bega ngumu njo inaua mbio ya pigo.

Hatua ya 2: ujue fasi unapigia

Chukua kidole cha mukono wa pili, pita nacho ku ubavu wa kiganja kuanzia shina la kidole cha mwisho ukishuka kwenda kifundo. Utasikia nyama, kiisha karibu kabisa na kifundo utagusa mufupa mudogo wa mviringo. Ile nyama ya katikati njo unapigia. Haiko vidole, kidole cha mwisho kinavunjika bure. Haiko ule mufupa pia, juu kando yake kunapita mushipa wa fahamu wenye unaenda ku kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, ukiugonga kila siku ivyo vidole vinaanza kufa ganzi na pole pole mukono unapoteza nguvu ya kushika.

Kaa chini, gonga polepole ile nyama ku paja yako, macho wazi, kiisha macho umefunga. Ukikosea unasikia mara moja, mufupa unauma na nyama haiumi. Batoto wadogo ninabaachaga apa muda murefu kuliko benyewe banavyopenda.

Hatua ya 3: njia ya mukono

Kuna njia mbili na zote unazihitaji.

Ya kwanza ni ya kutoka inje kuingia ndani. Mukono wa kuume unaanzia kando ya sikio la kuume, kiwiko kiko nyuma kimefunguka, kiganja kinaangalia inje. Mukono unazunguka kwenda mbele, na pale karibu ya kufika, apo mwisho kabisa, unaugeuza kiganja kinaangalia juu. Yaani unapiga kiganja kikiwa kinaangalia mbingu.

Ya pili ni ya kutoka ndani kwenda inje. Mukono wa kuume unaanzia kando ya sikio la kushoto, kiganja kinaangalia shavu yako, mukono wa kushoto umenyooka mbele chini yake. Kiwiko kinatangulia, kiisha mukono unafunguka, mwisho kiganja kinaangalia chini.

Mu zote mbili ile kugeuka ya mwisho njo inafanya nyama ikaze, ni mwendo uleule mama anakamua nguo, anaanza amelegea kiisha anakaza mara moja pale mwisho. Ukigeuza mapema, kufika umeshachoka. Na kiwiko usikinyooshe paka mwisho, kibaki kimekunjwa kidogo sana, ukikifunga kabisa kila siku kwa kupiga hewa kiwiko kitaanza kuuma kwa nyuma na utasema karate ni mubaya.

Fanya polepole. Kweli polepole, kumi kwa kumi, ichi, ni, san (moja, mbili, tatu ya Kijapani), bila nguvu. Mwenye hawezi kuifanya polepole hawezi kuifanya mbio, anaificha tu makosa ndani ya mbio.

Hatua ya 4: mukono wenye haupige

Iyo ni hikite, mukono wenye unarudi. Saa mukono wa kuume unaenda, wa kushoto unarudi ku kiuno ukiwa ngumi, kiganja juu, na unarudi na nguvu ileile. Mikono miwili ianze pamoja na imalize pamoja. Mu maisha ya kweli ule mukono wenye unarudi umeshika kimono ao mukono wa mutu na unamuvuta akutane na pigo, kwa iyo usiurudishe tu juu mwalimu amesema.

Hatua ya 5: kiuno

Apa njo fasi ningependa usome mara mbili.

Simama zenkutsu dachi, muguu wa kushoto mbele, goti la mbele limekunjwa juu ya vidole, muguu wa nyuma umenyooka, kisigino kimeshika chini. Weka mikono ku kiuno, usipige kitu. Fungua kiuno pembeni, ivi upande wa kuume urudi nyuma, iyo ni hanmi. Sasa sukuma ardhi na kisigino cha nyuma, kiuno kigeuke kiangalie mbele. Tena. Tena. Wiki nzima kama inaomba wiki nzima. Goti la mbele lisitembee, likicheza kushoto na kuume nguvu yote inamwangikia pale, na mwenye goti yake inacheza mu kila pigo ataenda kuililia akifika miaka 40.

Kiisha ongeza mukono, lakini na mupango: kisigino, kiuno, bega, kiwiko, mukono. Kiuno kikianza, mukono ungali ku sikio. Hii ndiyo ngumu kwa batu benye nguvu za mikono, babebaji wa mizigo, bachimbaji, banataka mukono utangulie juu umezoea kutangulia. Kwao ninatumiaga dawa moja, ninasimama nyuma ninabashika mukanda pembeni, ninavuta kidogo, ivi banalazimika kusikia kiuno mbele ya kupiga. Ukiwa pekee yako funga mukanda na uache ncha mbili zining'inie, kiuno kikigeuka kweli zile ncha zinaruka na zinachapa mapaja, kama zimelala tu basi umepiga na bega.

Huku Bukavu fasi ya usawa ni shida, viwanja vingi vinateremka kwenda ku ziwa. Ukisimama muguu wa mbele ukiwa chini ya muteremko, uzito unaanguka mbele wenyewe na unafikiri ni nguvu yako. Kaa kando ya muteremko, ao geuka kila kumi. Ndugu zetu ba Goma nao, juu ya yale mawe ya volkano hapana kufanya izi zamu pieds nus (bila viatu), tafuteni fasi ya simenti ao mulaze mukeka munene, kisigino kinapaswa kusukuma bila kuogopa kukatwa.

Hatua ya 6: kulegea, kupumua

Kutoka ku sikio mpaka karibu ya kufika, mukono umelegea. Unakaza kwa kitambo kadogo tu pale unagusa, tumbo linakaza, hewa inatoka kwa kifupi, iyo ni kime, kiisha unalegea tena mara moja. Usibane pumzi. Bengine banapiga kiai (kelele ya kupiga) kubwa lakini tumbo ni laini, kiai ya koo tu, mwalimu yeyote anaisikia akiwa inje ya mulango.

Hatua ya 7: piga kitu

Hewa peke yake inadanganya. Kama dojo iko na pao (muto wa kupigia), muzuri. Kama haiko, omba fundi wa cherehani vipande vya nguo, jaza gunia, shindilia sana, tundika ku muti kwa urefu wa shingo yako. Usijaze mchanga, mchanga unashuka chini unakuwa jiwe. Ao funga shamburere (mupira wa ndani wa gurudumu) ya zamani ya gari mara nyingi ku nguzo, iko inarudisha muguso vizuri na haikwaruze ngozi.

Anza na nguvu nusu. Ishirini kila upande zinatosha mu mwezi wa kwanza, na upande wa kushoto uuanze wewe mwenyewe, usiuache wa mwisho ukiwa umeshachoka. Ukipiga vizuri gunia linashtuka na linarudi kwako, ukisukuma linaenda mbali polepole. Angalia gunia, haiwezi kukudanganya.

Makiwara, ile mbao yenye inakunjika kidogo, ni ya benye bamefanya miaka na mwalimu akiwa pale. Mutoto usimpeleke kabisa, mifupa yake ingali inakua na sehemu za kukulia ziko laini, ukiziharibu mukono unaweza kukua vibaya.

Hatua ya 8: na mutu

Fasi ya kawaida ya shuto uchi ni ubavu wa shingo. Pale kunapita mushipa mukubwa wenye unapeleka damu ku kichwa, na kuna fasi yenye mwili unapimia presha ya damu, pigo pale inaweza kuangusha mutu muzima na inaweza kumufanyia mubaya zaidi. Kwa iyo mu mazoezi unasimamisha mukono upana wa ngumi mbele ya shingo. Na usimame kweli, haiko kupiga mbali ukisema umekontrole. Mwenzako asimame fasi mukono ungefika, wewe njo unausimamisha. Siku hauwezi kuusimamisha kila mara, rudi ku gunia, nasema na roho yangu yote, juu mwenzako amekupatia shingo yake.

Na mu mashindano ya kumite (kupigana na mutu) ya WKF, shirikisho ya karate ya dunia, kupiga uso na mukono wazi imekatazwa, kwa iyo usimwonyeshe mutoto wa kumite shuto ya uso usiku wa kuamkia mashindano. Shuto inakaa mu kata, na pale baamuzi banaangalia gumba, kifundo, hikite, vile vyote tumesema.

Matofali sasa

Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa Kyokushin, alijulikana dunia nzima kwa kuvunja pembe za ng'ombe na shuto. Alikuwa amefanya mazoezi maisha yake yote, kila siku, na mukono wake ulijengwa kwa miaka. Tofali ya mu telefone mara nyingi imekaushwa na imewekwa na nafasi katikati, na ata apo mwenye anaivunja ni mutu wa kiuno. Mimi mwanafunzi wangu akitaka kuvunja ninamupatia mbao nyembamba ya muti laini, nyuzi za mbao zikifuata upande wa ubavu wa mukono wake, bashikaji wawili benye nguvu, na ni mara moja, kwa kupima njia ya mukono. Ikivunjika bila kuuma, njia iko muzuri. Ikiuma, turudi hatua ya 5.

Kisha mazoezi osha mukono na maji ya baridi, fungua na funga vidole mara nyingi, zungusha kifundo. Kuwa mwekundu kidogo ni kawaida. Kuvimba juu ya mufupa wa kidole cha mwisho, ao ganzi yenye unalala nayo na unaamka nayo asubuhi, hiyo haiko kawaida: acha kupiga, nenda hospitali bapige radio (picha ya mifupa), na mu ile wiki yote ukuye dojo ufanye kiuno na miguu tu, mikono imekaa ku mukanda.