Mwarobaini na manjano kwa upele: kutengeneza na kupaka

Upele tunaouzungumzia ni ule wa kuambukizana, unaowasha zaidi usiku na kupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono na kiunoni. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mwarobaini huitwa nimba, na majani yake husagwa na manjano kutibu upele huo. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 814 wa India waliopakwa mchanganyiko huu: asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. BBE (dawa ya kupaka ya benzyl benzoate) ya duka la dawa ikipatikana, anza nayo, maana imepimwa zaidi.

1. Hakikisha mti

Hapa ndipo wengi hupotea. Mmelia (Melia azedarach) unafanana sana na mwarobaini, na watu wengi huuita hivyohivyo. Matunda yake ni sumu. Usiamini jina, tazama jani.

Chuma jani zima, kuanzia pale linaposhikana na tawi. La mwarobaini lina kijiti kimoja tu, na vijani vimepangwa pande zake mbili. Vimepinda kama mundu, kingo zina meno ya msumeno, na kitako ni kipana upande mmoja kuliko mwingine. Kwenye mmelia kijiti kikuu hutoa vijiti vingine ubavuni, na hivyo ndivyo vinavyobeba vijani. Mti ukiwa na maua kazi ni rahisi: mwarobaini ni meupe, yananukia asali, mmelia ni ya zambarau. Uchungu usikudanganye, si kipimo. Majani ya sokoni yaliyokwisha kupukutwa kwenye kijiti yaache, hayatambuliki tena kwa uhakika.

2. Saga

Majani mabichi gramu 200, manjano mbichi gramu 50. Twanga kwenye kinu kwa vijiko 2 au 3 vya maji mpaka usihisi nyuzi. Blenda siipendi kwa kazi hii: hudai maji mengi, dawa inakuwa uji na kuchuruzika kabla haijakauka mwilini. Tengeneza ya siku moja tu, ikilala huchacha.

3. Jaribu

Paka kidogo ndani ya mkono, subiri saa 24. Pakivimba au kutoka malengelenge, acha.

4. Paka

Oga, jikaushe, paka kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha, makwapani, kitovuni na matakoni. Kaa nayo saa moja au mbili, kisha oga. Rudia kila siku. Vaa nguo kuukuu, doa la manjano halitoki.

5. Nyumba nzima, siku hiyohiyo

Dawa hulaumiwa bure wakati kosa liko hapa. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiambukiza wenzake. Kwa hiyo wapakwe wote, hata wasiojikuna. Fua mashuka na nguo kwa maji ya moto. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko siku 7.

Wadudu wanaoleta upele wakishakufa, muwasho huweza kuendelea wiki 2 hadi 4, usizidishe dawa. Ukiona usaha au homa, au mgonjwa ni mtoto mchanga, nenda hospitali. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto kabisa, yamewahi kuua watoto wachanga. Na mjamzito asinywe mwarobaini wa aina yoyote.