Karatasi za Kudai Kabla Hujamlipa Fundi Fungu la Mwisho

Mwaka juzi niliongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Fundi umeme alikuwa kijana mchapakazi, na siku aliyowasha taa nikamlipa pesa yake yote. Miezi minane baadaye nikaomba mita ya LUKU ya peke yake kwa ajili ya mpangaji. Nikaulizwa: wayaringi alifanya nani, na muhuri wa mkandarasi uko wapi? Kijana alishahamia Manyoni na simu yake haipatikani. Mkandarasi mwenye leseni niliyemwita hakukubali kugonga muhuri kwenye kazi asiyoiona, na sikuweza kumlaumu. Ikabidi tutoboe lipu mpya sehemu tatu, ukuta uliokwishapakwa rangi, ili aone waya uliopita humo ndani.

Kwa hiyo anza na karatasi kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Kupaka rangi au kubadilisha vigae ni mambo yako na fundi wako. Kuongeza chumba, kupandisha ghorofa au kubadilisha matumizi ya jengo kuwa fremu za biashara ni suala la kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji. Wenye nyumba za zamani wana kazi ya ziada: CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu hapa Dodoma, ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikaenda manispaa, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Kama ramani na kibali chako ni vya enzi hizo, vitoe nakala na uhakikishe faili lako linaonekana kwenye ofisi za sasa kabla ya kuomba kibali kipya. Usingoje siku unayouza nyumba.

Halafu muulize fundi, kabla ya malipo ya awali: ukimaliza utanipa karatasi gani? Jibu lake litakuonyesha mengi. Mkandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la 1 hadi la 7. Mwombe cheti na uangalie kama usajili wake bado uko hai. Fundi wa mtaani asiye na usajili anaweza kukujengea vizuri sana, nawajua wengi, lakini naye aandike: jina, nakala ya kitambulisho cha NIDA, kazi aliyokubali, bei, na atarudi kurekebisha kasoro kwa muda gani. Asaini mbele ya shahidi. Mjumbe wa mtaa anatosha.

Kwenye umeme usilegeze hata kidogo. Leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo ina jina na tarehe ya kuisha. Soma vyote viwili, kwa sababu wapo wanaofanya kazi kwa leseni ya kaka yao. TANESCO haiungi umeme mpaka mkandarasi mwenye leseni ajaze sehemu yake kwenye fomu na kugonga muhuri, kwa hiyo huyo mwenye muhuri aje aione wayaringi kabla haijafunikwa. Mwambie akuandikie vipimo vyenyewe, asiishie kusema "iko poa". Cha muhimu kwetu Dodoma ni ethi, yaani waya na rodi ya chuma vinavyopeleka ardhini umeme uliovuja. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na hapa ardhi hukaa miezi mingi bila tone la mvua. Rodi iliyopimwa Februari, udongo ukiwa umelowa, inaweza kukuangusha Oktoba. Ukiweza, ipimwe wakati wa kiangazi, namba iandikwe na tarehe. Kama umefungiwa breka ya kuzuia watu kupigwa na shoti, yenye kitufe kilichoandikwa T, kibonyeze fundi akiwa bado yupo. Umeme ukate palepale.

Vitu vinavyofukiwa ndivyo vinavyosahaulika. Piga picha ya nondo kabla zege halijamwagwa, tepu ya kupimia ikiwa imelazwa juu yake ili nafasi kati ya nondo na nondo isomeke. Kama uko kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, picha hiyo pamoja na maelezo ya mhandisi kuhusu msingi ndizo zitakazokutetea nyufa zikitokea. Dawa ya mchwa nayo idai kwa maandishi: jina la dawa, kiasi kilichochanganywa, tarehe, na maeneo yaliyonyunyiziwa. Mabomba ya bafuni yajazwe maji na kuachwa usiku kucha kabla ya vigae, kisha chora kwenye karatasi bomba linapita wapi na liko sentimita ngapi kutoka kwenye kona. Mchoro wa penseli unatosha.

Bati: risiti ya EFD iandike geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba; ukiuziwa geji 30 kwa bei ya 28, huna pa kushika bila risiti hiyo.

Panga pia kalenda. Mvua ikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, mafundi wengi hurudi vijijini kulima mtama na alizeti. Kazi ikiishia hapo, utazitafuta karatasi mpaka baada ya mavuno. Mimi sasa nabakiza asilimia 10 ya pesa ya ufundi, na nalisema mapema, mbele ya shahidi, ili lisionekane dhuluma. Karatasi zikikamilika, anapokea yake siku hiyohiyo. Fundi ana watoto, asizungushwe.

Zikishafika, usiziweke kwenye kabati la mbao lililoegemea ukuta. Mchwa wa Dodoma wanakula hati kama wanavyokula fremu za milango. Zangu ziko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya meza, na picha zake nimemtumia binti yangu aliyeko Iringa.