Matembezi ya Wazee kwa Basi la Kawaida: Anza na Njia, Mahali Baadaye

Wengi wanaopanga matembezi ya kikundi cha wazee huanza kwa kuuliza: twende wapi? Mimi huanza na basi. Nataka kujua ni njia ipi ambayo basi lake huanzia karibu na sisi, likiwa bado tupu, na hufika penye choo bila kutulazimu kubadilisha gari. Nikishaipata njia hiyo ndipo naangalia kuna nini mwisho wake: bustani, makumbusho, maktaba, soko, ufuko. Karibu kila njia ina kitu cha kutazama.

Huwa naulizwa kwa nini tusikodi gari dogo tukamaliza mambo. Gari la kukodi humfikisha mzee na kumrudisha, na kesho yake bado anamsubiri mwanawe ampeleke kliniki. Basi la umma hupita mbele ya nyumba yake kila siku. Akishalipanda na wenzake mara chache, akajua mahali pa kushika na kitufe cha kumwita dereva kilipo, anaweza kulipanda siku ambayo sisi hatupo. Kwangu hilo ndilo lengo, na bustani ni kisingizio kizuri.

Saa na idadi

Ondokeni wafanyakazi na wanafunzi wakishapita, na mrudi kabla hawajaanza kurudi. Sehemu nyingi hiyo ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, katikati ya wiki. Mabasi huwa na viti, madereva hawana pupa, na panapokuwa na punguzo la nauli kwa wazee, mara nyingi hutumika saa hizohizo. Ulizia masharti ya punguzo mapema, maana kadi nyingine huombewa wiki kadhaa kabla.

Watu 8 hadi 12 wanatosha. Kwa kila wazee 4 nataka msaidizi mmoja mwenye miguu imara. Mkiwa 20, gaweni makundi mawili yapande mabasi mawili yanayofuatana, kila moja na kiongozi wake. Kama kuna wanaotumia viti vya magurudumu, kumbuka kwamba mabasi mengi yenye nafasi hiyo yana moja au mbili tu, na mama mwenye kigari cha mtoto anaweza kuwa ameshaichukua. Piga simu kwa wanaoendesha njia hiyo siku mbili kabla. Usiombe upendeleo, wape taarifa tu: saa, kituo, idadi.

Ipite njia kwa miguu yako

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi hukwepa. Nenda siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayosafiri, ukiwa na daftari. Ramani ya simu haikwambii kwamba benchi la kituoni limeng'olewa.

Angalia kimo cha ngazi ya basi kutoka chini. Kuna mabasi yenye sakafu ya chini ambayo hata huinama upande wa mlango, na kuna yale ambayo ngazi ya kwanza inafika karibu na goti. Dereva akisimama pembeni kabisa mwa barabara, mtu hupandia kwenye kingo za njia ya miguu na kimo hupungua. Akisimama katikati, huongezeka. Angalia wanasimamaje kwenye kituo chenu.

Kisha tembea kutoka kituo hadi mnakokwenda kwa mwendo wa mzee, ukihesabu mahali pa kukaa. Kama mita 200 zinapita bila benchi, ukuta mfupi au kivuli, tafuta kituo kingine. Kwenye taa za kuvukia, hesabu sekunde. Taa nyingi hupangwa kwa kudhani mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde, ilhali wazee wengi huenda mita 0.8 au 0.9. Barabara ya upana wa mita 12 itamchukua mzee wa mita 0.8 sekunde 15, na taa humpa 10 tu akianza kuvuka kijani kikikaribia kuisha. Hizo sekunde 5 anakuwa bado mbele ya magari. Kama hakuna kisiwa cha kupumzikia katikati, panga muvuke kwa makundi madogo, kila kundi lianze taa ikigeuka kijani wakati huohuo. Aliyeikuta imeshawaka asubiri nyingine.

Kituo cha kurudia usikisahau. Aghalabu kiko upande wa pili wa barabara, na mara nyingine mbali kidogo na kile mlichoshukia. Watu hukagua njia ya kwenda kwa makini kabisa, halafu jioni, miguu imechoka, ndipo wanagundua daraja la juu lenye ngazi 40.

Na choo. Ingia ndani ukione. Je, kiko wazi siku hiyo? Kina ngazi mlangoni? Kuna chuma cha kushika? Mzee asiyejua atapata choo wapi huacha kunywa maji tangu asubuhi, na hiyo ni hatari zaidi ya choo kichafu, kwa sababu kiu yenyewe hupungua umri unaposogea. Ukiweza kutamka mapema, "choo kipo tunakoanzia, kipo tunakoshukia, na kipo mle ndani," utawaona wakinywa maji.

Maneno ya pembeni

Usimuulize mzee mbele ya wenzake kama ana afya ya kusafiri. Atasema yuko sawa, hata kama goti limevimba. Muulize peke yake, na umuulize vitu anavyoweza kujibu bila aibu: Unapanda ngazi tatu ukiwa umeshika chuma? Mkono gani una nguvu? Unaweza kukaa dakika 40 bila kwenda haja? Ukisimama ghafla kizunguzungu huja? Masikio je, upande gani unasikia vizuri? Majibu hayo ndiyo yanayoniambia nani akae wapi na nani awe na nani.

Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo watakueleza wenyewe kwa nini asubuhi ni ngumu kwao. Jibu lao lisiwe kuruka dawa. Wamuulize daktari au mfamasia kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku ya safari. Mwenye kisukari abebe chakula chake na sukari ya haraka. Sukari yake ikishuka, akaanza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpe gramu 15: nusu glasi ya juisi ya matunda, au vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari ndani ya maji. Subiri dakika 15, apime tena. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni. Ita gari la wagonjwa.

Kila mmoja awe na kadi mfukoni, maandishi makubwa: jina, mtu wa kupigiwa, dawa anazotumia, anachodhurika nacho. Namba ya kiongozi iandikwe upande wa nyuma. Wapo wanaoona kadi hiyo ni ya watoto wa chekechea. Mimi huwa wa kwanza kutia yangu mfukoni, na ubishi huisha hapo.

Kupanda, kukaa, kushuka

Kutaneni kituoni dakika 20 kabla, na nauli iwe imeshashughulikiwa. Ama msaidizi mmoja analipia wote, ama kila mtu ana kadi yake mkononi kabla basi halijaonekana. Kupekua pochi juu ya ngazi, fimbo kwapani, ni namna bora ya kuanguka.

Msaidizi mmoja hupanda wa kwanza na kusimama ndani, mwingine hupanda wa mwisho. Wa kwanza anazungumza na dereva au kondakta: tuko kumi, tafadhali usiondoke hadi nikupe ishara. Sema hivyo kwa upole na kwa sauti. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, jambo hili la dereva kusubiri abiria wakae ndipo aondoke liliingizwa kabisa kwenye orodha ya mambo ya kukaguliwa, kwa hiyo hamuombi hisani ya ajabu. Abiria wengi wanaoumia ndani ya basi bila ajali yoyote huangushwa gari likianza mwendo au likifunga breki, wao wakiwa bado wamesimama.

Viti vizuri ni vya mbele, vinavyotazama mbele, vyenye chuma cha kushika. Epuka vile vilivyoinuliwa juu ya tairi. Viti vinavyotazama upande humyumbisha mtu kila breki. Asiyesikia vizuri akae sikio zima likielekea kwa kiongozi. Kijana akiwa amekalia kiti cha wazee, msaidizi ndiye amuombe, maana mzee hataki kugombania kiti.

Katika ngazi, wataalamu wa mazoezi ya viungo wana kanuni ambayo wazee wetu sasa huitamka kama wimbo: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mbovu hushuka kwanza. Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa mguu mzima. Msaidizi anayemsaidia mtu kushuka atangulie chini, asimame mbele yake kidogo, na atoe mkono wake ushikwe. Asimvute mzee. Anayevutwa hupoteza mizani yake mwenyewe.

Kigumu kuliko vyote ni kuwazuia wasisimame mapema. Miaka yote wamezoea kwamba asiyesimama kabla ya kituo hupitishwa. Kwa hiyo tunakubaliana kabla: msaidizi atabonyeza kengele na kumwambia dereva, na hakuna anayeinuka mpaka magurudumu yasimame. Bibi mmoja wetu, mwalimu mstaafu, amejipa kazi ya kuwakemea wanaoinuka. Hufanya kazi hiyo vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Mkishashuka, kaeni kwanza dakika moja au mbili kituoni, kizunguzungu cha kusimama kipite na watu wahesabiwe.

Mtu akiachwa

Kanuni ni mbili na zirudiwe kwa sauti kabla ya kuondoka. Basi likikupitisha, shuka kituo kinachofuata, kaa hapohapo. Basi likikuacha, usiondoke kituoni. Msaidizi mmoja tu ndiye anayekwenda kumchukua, na wengine wanakaa. Kikundi kizima kikigeuka kumtafuta mmoja, saa moja baadaye mtakuwa mnawatafuta watatu.

Mwenye tatizo la kusahau awe na mwenzake mmoja maalumu anayemjua kwa jina na sura, tangu mwanzo hadi mwisho. Mpige picha asubuhi ile, kwa ridhaa yake, ili nguo alizovaa zionekane. Picha ya mwaka jana haimsaidii mlinzi wa kituo.

Kufika na kurudi

Kwa mnakokwenda, sina mengi. Jambo moja linatosha, kwa saa mbili hivi, na kitu cha kwanza kiwe kukaa. Wenye nguvu wazunguke, wengine wapige soga. Usijaze ratiba.

Kurudi, msipange basi la mwisho wala linalolitangulia. Lazima nyuma yenu yabaki angalau mabasi mawili, maana moja litajaa au halitakuja. Waambie saa ya kukutana ikiwa robo saa kabla ya saa unayoihitaji kweli. Mkifika, kila mmoja ampigie mwenzake mmoja akishaingia ndani, na wa mwisho ampigie kiongozi.

Usiku uleule andika kwenye daftari: dereva alisimama wapi, nani alichoka mapema, choo kipi kilifungwa, taa ipi ni fupi. Halafu safari inayofuata mkabidhi mzee mmoja kazi yako. Mmoja asome ratiba ya mabasi, mwingine azungumze na dereva, mwingine ahesabu watu. Wanaostahili kupewa kwanza ni wale walioacha kuendesha gari hivi karibuni. Wewe panda wa mwisho, na ukiulizwa kituo kinachofuata ni kipi, waelekeze kwa aliyeshika ratiba.